Fundi Njoka na Pikapu Iliyozima Gachoka

Fundi Njoka wa Siakago, huko Mbeere, hafungui boneti ya gari kabla ya kufungua tangi lake. Huchukua kipande cha mpira mwembamba, akakitumbukiza ndani, akakitoa na kukinusa. Akisharidhika kwamba mafuta yapo, na kwamba ni petroli kweli, haikuchanganywa na mafuta ya taa, ndipo huuliza gari lina shida gani. Ana miaka hamsini na minane. Desturi hiyo anayo tangu mwaka wake wa kwanza wa kazi, alipofungua kabureta nzima ya gari la mwalimu mmoja, akaitandaza juu ya gunia na kuhangaika nayo tangu asubuhi hadi alasiri. Kisha akaja mpita njia, akachungulia tangi na kuuliza kama siku hizi magari yanatembea kwa maombi. Tangi lilikuwa kavu. Soko zima lilicheka kwa wiki moja, na Njoka akaapa kwamba kosa hilo halitampata tena.

Nimesubiri magari katika karakana za nchi nyingi, na karibu kila mahali nimekutana na mafundi wa aina mbili: anayebadilisha vipuri mpaka shida iondoke yenyewe, na anayeuliza maswali. Njoka ni wa aina ya pili. Dereva akianza kumwambia kwamba plagi zimekufa, humnyamazisha. Hataki kusikia plagi. Anataka kusikia siku yenyewe, kuanzia gari lilipowashwa: lilibeba nini, lilipita wapi, jua lilikuwa kali kiasi gani, lilianza kukohoa kabla ya kilima au baada yake. Watu wengine huchoka na maswali hayo wakaenda kwa fundi mwingine. Wengi hurudi.

Nilikaa Siakago siku tisa mwaka huu, nyingi kati ya hizo kwenye benchi la karakana yake, na gari lililozungumzwa siku zote tisa lilikuwa pikapu ya Ciakuthii.

Ciakuthii, ambaye watu humwita Mama Munene, ni mjane anayenunua muguka mashambani na kuupeleka kwenye soko la Makutano. Muguka ni majani mabichi ya kutafunwa, na hayana subira. Wanunuzi wa mbali huondoka Makutano saa sita kamili, na mzigo ukiwakosa, jioni huwa umenyauka na thamani yake imekwisha. Pikapu yake ni ya petroli, ya miaka ya themanini, rangi yake ya bluu imepauka mpaka ikawa kama kijivu. Dereva wake ni Mithika, mzaliwa wa Mikinduri, aliyehamia huku miaka sita iliyopita pamoja na mkewe Kendi.

Kwa miezi miwili pikapu hiyo ilikuwa ikizima njiani. Haikuzima kila siku. Zilipita siku tatu ikaenda vizuri, siku ya nne ikaanza kukohoa, ikarukaruka kama inayotafuta pumzi, kisha ikanyamaza. Mithika angekaa nusu saa, akaiwasha, na ingewaka bila ubishi na kwenda mpaka Makutano. Tatizo lilikuwa mahali. Mara nyingi ilizimia kwenye kilima kile kile karibu na Gachoka, na chini ya kilima hicho kuna kibanda cha Zuleka, anayeuza chai na chapati. Zuleka ni mcheshi, na hana mume.

Hapo watu wakamaliza hesabu wenyewe. Ismael, mwenye bucha iliyo mkabala na karakana, alikuwa akimwita Mithika kila anapopita amweleze dawa ya gari linalopenda chapati. Mithika alicheka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu hakucheka, kwa sababu Ciakuthii mwenyewe alikuwa ameyasema maneno hayo katika chama cha akina mama cha Alhamisi, na Kendi alikuwa ameketi hapo hapo akishona kikapu. Tangu siku hiyo Kendi alimwekea mumewe chakula mezani na kwenda kula jikoni.

Jumatano nikiwa kwenye benchi, Ciakuthii alikuja karakana na kumwambia Njoka neno moja: kama gari lingekosa soko tena wiki hiyo, Jumamosi angetafuta dereva mwingine. Alilisema Mithika akiwa amesimama pale, kama anayezungumza juu ya tairi.

Njoka alikuwa ameshabadilisha plagi, koili na kondensa. Alikuwa amesafisha kabureta mara mbili na kupuliza mabomba yote ya mafuta. Kila mara gari lilipoletwa, alifanya kama kawaida yake: alichukua ufunguo wa kifuniko cha tangi, akafungua, akanusa, akafunga, kisha akaliwasha na kulizungusha mjini. Halikukohoa hata mara moja. Ufunguo huo Ciakuthii hakumpa dereva. Aliufunga kwenye leso yake, kwa sababu aliwahi kuibiwa petroli na dereva wa zamani, na aliutoa kwa watu wawili tu: kijana wa kituo cha mafuta, mbele ya macho yake, na fundi.

"Nikiwa nayo inatembea kama malaika," Njoka aliniambia jioni hiyo akinawa mikono kwa sabuni ya unga. "Ikiwa na yeye inakataa. Unajua hiyo inanifanya nifikirie nini? Na mimi sitaki kufikiria hivyo."

Maana yake ilikuwa kwamba hata yeye alikuwa ameanza kumshuku Mithika. Nilimuuliza kama amewahi kumhoji kama anavyowahoji madereva wengine. Alikiri kwamba hapana. Gari hilo alilijua mno, na utani wa Ismael ulikuwa umemwingia masikioni akaona aibu kuuliza.

Kesho yake asubuhi alimkalisha Mithika kwenye benchi. Mithika alijibu kwa hasira mwanzoni, kisha kwa uchovu. Katika majibu yake lilitoka jambo moja ambalo hakuna aliyelijali: siku za kuzima zilikuwa siku za soko kubwa, Jumanne na Ijumaa. Njoka alidhani ni uzito wa mzigo. Mithika akasema Jumatatu iliyopita alipanda kilima hicho hicho na magunia ya saruji, mazito kuliko muguka wowote, gari likapanda likiimba. Sasa siku za soko zina nini? Mithika alifikiri. Zina safari nyingi, akasema, na kwa hiyo Mama Munene hujaza tangi mpaka juu. Siku nyingine huweka kidogo tu.

"Kesho ni Ijumaa," Njoka alisema. "Nitapanda na wewe. Na sitaigusa kabla."

Aliuomba ufunguo kwa Ciakuthii, akautia mfukoni. Tuliondoka saa tatu asubuhi, sisi watatu tumebanana mbele, muguka nyuma umefunikwa kwa majani ya migomba, tangi limejaa.  Mithika alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama anayefanya mtihani wa leseni. Najua alichokuwa akiomba, na kilikuwa kigumu: gari lizime ili aaminike, na lisizime ili asifukuzwe.

Lilianza kukohoa katikati ya kilima. Lilikohoa mara tatu, likatetemeka, likazima. Chini kidogo, Zuleka alitoka kibandani na kikombe mkononi, akamwona Njoka, akamuuliza Mithika kama leo amekuja na mlinzi.

Njoka alishuka. Mithika alikuwa tayari anafungua boneti, lakini mkono wa Njoka, kwa mazoea ya miaka thelathini na zaidi, ulikwenda kwenye tangi. Alitia ufunguo, akazungusha. Tangi lilivuta hewa kwa mluzi mrefu ambao sote tuliusikia, hata Zuleka. Njoka alisimama na kifuniko mkononi.

"Washa," alisema.

Liliwaka papo hapo.

Alikigeuza kifuniko. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mviringo cha raba ya tyubu, kimekatwa vizuri na kugundishwa kwa gundi ya viraka. Kilikuwa kimeziba kabisa tundu dogo ambalo hewa hupitia kuingia tangini kadiri petroli inavyopungua. Raba hiyo aliiweka Njoka mwenyewe, mwezi wa Septemba, bila hata kuombwa, ili vumbi la barabara za Mbeere lisiingie kwenye mafuta. Aliiona kila mara alipofungua tangi, na kila mara aliridhika nayo. Tangi likiwa halijajaa, lilikuwa na hewa ya kutosha kufika Makutano. Likijaa, hewa iliyobaki ilikuwa ndogo, ikaisha pale pale kilimani, na pampu ikawa inavuta bure. Nusu saa ya kusubiri ilitosha hewa kujipenyeza kidogo kidogo. Na pale karakana, kila alipofungua ili kunusa, alikuwa analiponya gari kabla ya kulipima.

Alibandua raba kwa kisu, akaitia mfukoni. Tulifika Makutano saa tano na robo.

Njiani wakati wa kurudi nilidhani angenyamaza. Ingekuwa rahisi. Angemwambia Ciakuthii kwamba shida imeisha, na hapa hakuna mwenye gari anayemuuliza fundi shida ilikuwa wapi, mradi gari linatembea. Naye aliishi kwa sifa ya jina lake. Lakini akisema tu kwamba limepona, watu wangesema limepona kwa sababu dereva ametishwa.

Ciakuthii alikuwa akitungoja karakana. Njoka alimpa ufunguo, kisha akaiweka raba kwenye kiganja chake.

"Mama Munene, huyu hana kosa. Hii niliikata mimi. Ndiyo ilikuwa ikizima gari."

Alimweleza yote, polepole, watu wakisikia. Ciakuthii aliigeuzageuza raba.

"Yaani miezi miwili unatafuta kitu ulichokiweka mwenyewe?"

"Ndiyo."

Ismael alipaza sauti kutoka bucha kwamba leo gari limepona, sasa fundi ndiye wa kulazwa. Watu wakacheka, na Njoka akawaacha wacheke.

Ciakuthii alimgeukia Mithika, akamwambia Jumanne aje saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Mithika hakuondoka. Alikuwa akiutazama mkono wa Mama Munene wenye leso.

"Kazi nimesikia, mama," alisema. "Lakini Kendi hawezi kuniamini mimi. Maneno ulisema wewe."

 Ciakuthii akakunja leso, akafungua mlango wa pikapu, akaketi. Njoka alipanda nyuma bila kuitwa.

Mimi sikwenda nao nyumbani kwa Kendi. Mithika ndiye aliyenisimulia kesho yake. Ciakuthii alikataa kiti, akasema aliyokuja kuyasema akiwa amesimama, na Njoka akaeleza habari ya raba kwa mara ya pili siku hiyo. Kendi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Mama Munene swali moja tu: wale wanawake wengine nao wataambiwa na nani. Ciakuthii akajibu kwamba ni yeye, Alhamisi, pale pale chamani alipoyasemea mara ya kwanza. Kendi akaingia ndani, akatoa sahani nne, yake ikiwemo.