10,001 Iliponiumbua Ubaoni
Nichekeni polepole. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Suna, na niliwaambia wanafunzi kwamba 10,001 ni namba tasa, haigawiki. Ukweli ni kwamba nilijaribu kuigawa hadi kwa hamsini, nikachoka. Mwanafunzi mmoja, Boke, alipobisha, nilimwita mama yake kutoka Kegonga aje aone utovu wa nidhamu wa bintiye.

Mama alinisikiliza kwa heshima, kisha akaomba chaki. Mbele ya darasa zima akazidisha 73 kwa 137. Jibu likatoka 10,001.

Nilijua sasa ataenda kwa mwalimu mkuu.

“Pole, mwalimu,” akasema. “Hata mimi jana nilimbishia Boke, akanionyesha.”

Nikamgeukia bintiye. “Boke, nisamehe.”

Yeye ndiye aliyeanza kucheka.