Rilei Ilisema Kweli, Mayu Nyanzala Akaondoka

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Dutwa ambayo haijanitoka kichwani, ingawa nywele zangu sasa ni nyeupe kama pamba yenyewe. Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kujenga majineri yao, viwanda vya kuchambua pamba. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na stashahada ya umeme. Sikusomeshwa na mjomba wala serikali. Nilifyatua matofali nikajilipia ada. Bariadi nzima hapakuwa na kijana mwingine aliyeweza kuisoma rilei ya kidijitali. Nalisema hilo bila haya.

Rilei ni kifaa kinachokata umeme hitilafu inapotokea. Zile za zamani zilikata zikanyamaza. Hii mpya ilikuwa na kumbukumbu: ilitunza saa ya tukio, waya uliohusika, na kiasi cha umeme uliopita kabla ya kukata. Unabonyeza, inakueleza.

Basi, umeme wa jineri nilikoajiriwa kuwa fundi ukaanza kukatika alfajiri mashine zinapowashwa, karibu wakati uleule Mayu Nyanzala alipofika getini na ndoo yake ya uji. Alikuwa mjane muuza uji, tukimwita Mayu, yaani mama, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Kila siku alinisalimia, "Mwangaluka, bhabha," akanijazia kikombe kuliko wengine, eti msomi anachoka kichwa. Vibarua wakaanza kunong'ona: akitua ndoo, giza. Wakaacha kunywa uji wake. Na kwetu unajua, mwanangu, maneno hayo ya uchawi juu ya bibi mwenye macho mekundu huishia wapi.

Nikabonyeza rilei. Mambo yalikuwa wazi: waya uleule kila mara, umeme ukivujia ardhini, na kila mara ukivuja zaidi. Kiungo cha kebo kando ya ukuta kilikuwa kimepasuka, kinaingiza umande. Nikamwambia tajiri, mwenye jineri. Akasema msimu umepamba moto, hasimamishi mashine, nisubiri kiungo kipya kutoka Mwanza. Nikawaita vibarua na nyapara wao, Masunga, wajionee kwenye kioo cha rilei.

"Tazameni. Siku hii Mayu alikuwa Maswa msibani. Umeme ulikatika vilevile."

"Injinia," Masunga akasema, "mchawi gani anahitaji nauli ya basi?"

Wakaangua kicheko. Nikaeleza tena, kwa Kisukuma, habari za kebo na umande. Masunga akanisikiliza vizuri sana, hakuwa mjinga.

"Tumekubali kebo imepasuka. Mashine yako imetuambia ilivyo. Sasa ibonyeze itutajie aliyeipasua."

Kitufe hicho hakikuwepo.

Siku chache baadaye paa la Mayu lilichomwa akiwa kisimani. Hakungoja yafuate mabaya zaidi. Nilimbebea ndoo hadi kituo cha basi, akaenda kwa binti yake Bukundi.

"Waambie ulikuwa uji wa mtama tu, bhabha," alisema, akapanda.

Kiungo kikafika kesho yake. Nilikifunga kwa mikono yangu, kazi safi ambayo hadi leo sijaona fundi wa kuikosoa. Rilei haikukata tena msimu mzima. Kila alfajiri nilibonyeza: hakuna tukio. Hakuna tukio. Asubuhi moja Masunga akasimama nyuma yangu, akasoma naye.

"Umeona, Injinia? Kaondoka, umeme umetulia. Leo mashine yako imesema."

Nikabonyeza tena, mimi na stashahada yangu: hakuna tukio. Kazi yangu nzuri ndiyo iliyomtia Mayu hatiani. Alifia Bukundi, na Dutwa bado wanasimulia jinsi jineri ilivyopona.

Mwanangu, wewe unayesomea mashine zenye kumbukumbu kubwa kuliko ile, shika hili. Ukijua hitilafu ilipo, itengeneze anayesingiziwa angali yupo, watu wote wakitazama, hata kama tajiri anafoka na pamba inarundikana. Wakishamfukuza mtu, taarifa yako wataisoma wanavyotaka. Je, ningefanya hivyo wangemwacha? Sijui. Nimejiuliza hadi nimechoka, na rilei haina jibu.

Nenda. Mungu akupe mikono mahiri kama yangu, na akujalie kufika kabla basi la Bukundi halijaondoka.