Miezi Saba Bila Salamu

Mwanamke aliyewahi kumficha Gathoni nyumbani kwake siku tisa alimpita sokoni Sosiot kama mtu anayepita kisiki.

Hakumsalimia. Hakumtazama.

Alimgonga bega, akasema "pole" kwa ile sauti ya kumwambia mtu usiyemjua, akaenda zake.

Gathoni alibaki ameunyoosha mkono wa salamu mbele ya watu.

Hiyo ilikuwa siku ya soko, Novemba 1994.

Ngoja niwaambie hawa wawili walikuwa kina nani, ndio mjue kwa nini jambo dogo hivyo lilimvunja mtu mzima.

Gathoni alikuwa fundi wa nguo. Mkikuyu, mjane, miaka arobaini na sita. Bwana yake alimleta Kericho akiwa bado msichana, akafa, akamwachia cherehani moja na mtoto mmoja, Kim, ambaye sasa alikuwa na kazi yake Nakuru.

Chepchirchir alikuwa Mkipsigis wa hapo hapo. Alikuwa na kashamba ka chai na ng'ombe wawili, mwendo wa nusu saa kutoka sokoni. Kifungua mimba wake aliitwa Kiplimo. Kwa hivyo mmoja alimwita mwenzake Mama Kiplimo, na mwenzake akamwita Mama Kim.

Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vita ya kikabila, moto haukufika kwao. Lakini uvumi ulifika. Leo watakuja. Kesho watakuja.

Chepchirchir ndiye aliyekuja kwanza.

"Mama Kim, beba blanketi. Twende."

"Niende wapi?"

"Kwangu. Wacha maswali."

Siku tisa Gathoni alilala kwenye chumba cha mahindi. Aliletewa ugali na mursik, yale maziwa mala ya kibuyu, na Chepchirchir alikaa mlangoni akichambua maharagwe kama mtu asiye na habari.

Sasa huyo huyo ndiye anayempita.

"Umeona?" Gathoni alimuuliza Cheptoo, mama aliyeuza mboga karibu na kibanda chake.

"Nani, Mama Kiplimo? Ana maringo siku hizi. Hata mimi hanisalimii."

Neno hilo lilikuwa limebeba kila kitu, lakini Gathoni hakulishika. Alishika la kwake tu. Alijiambia: wamemwambia aniwache. Wenzake wamemwambia.

Na yeye akajiapia. Kama hanitaki, sitamlazimisha.

Basi ukimya ukaanza.

Kama hujawahi kuishi mahali ambapo mtu mmoja tu ndiye wako, huwezi kujua ukimya huo. Watu wa kwao Gathoni walikuwa wameshahama karibu wote. Wateja walikuja, wakapimwa, wakaenda. Jioni alifunga kibanda, akawasha jiko, akachemsha chai ya kikombe kimoja. Alikuwa anaongea na sufuria. Kuna wiki alihesabu: tangu Jumatatu hadi Alhamisi hakuna mtu aliyemwita jina.

Halafu ukaja msiba, mwezi wa tatu.

Mzee mmoja wa kanisa lao alizikwa, na kama kawaida akina mama waligawa chai. Gathoni alipewa trei. Alipofika kwenye benchi akamkuta Chepchirchir amekaa mwisho, ameangalia mbele, kwa mhubiri.

Moyo ukamlainika. Akasema moyoni, leo ni leo. Akachukua kikombe kimoja, akamnyooshea kutoka kando bila kusema kitu.

Chepchirchir aliinua mkono kutengeneza kitambaa chake cha kichwa, akakipiga kikombe.

Kikaruka. Chai ikamwagika kwenye rinda la Gathoni, moto, mpaka kwenye ngozi.

Benchi lote likageuka.

"Ni nini? Ni nani?" Chepchirchir aliuliza, akigeuza kichwa huku na huku.

Gathoni hakungoja. Aliweka trei chini akatoka, paja likimchoma, na nyuma yake akasikia mtu akisema polepole, "Amemtupia chai."

Wiki hiyo alimwandikia Kim barua. *Nitafutie chumba huko. Hapa sina mtu tena.*

Kim akajibu kwamba chumba kitapatikana mwezi wa saba. Gathoni akaanza kukataa kazi mpya, akawa anamalizia nguo za watu tu.

Hata hizo zilikuwa zinamshinda. Uzi ulikuwa hauingii kwenye sindano. Alinyoosha mkono mpaka mwisho, akaurudisha, akakunja uso. Wapi. Ndiyo maana Juni, liliposomwa tangazo kanisani kwamba madaktari wa macho na masikio watakuja kupima watu bure, alijipanga kwenye foleni mapema.

Daktari alikuwa Mkisii mmoja mrefu, mpole, aliyeitwa Momanyi. Kabla ya kupima mtu alisimama mbele ya mabenchi akawafundisha.

"Wewe mama wa uzi na sindano," alimwambia Gathoni, na watu wakacheka, "hiyo si ugonjwa. Ukipita miaka arobaini, ya karibu inakimbia. Nitakupea miwani, utashona mpaka uchoke."

Akaendelea. Mtoto wa jicho: mboni inakuwa nyeupe kama imeingia maziwa, na unaona kama asubuhi ya ukungu kwenye mashamba ya chai. Hiyo inapasuliwa na unaona tena. Trakoma: kope zinageuka ndani, zinakwaruza jicho kila ukipepesa, na machozi hayaishi. Using'oe kope na kibano ukadhani umepona.

"Sasa kuna moja mbaya zaidi. Mnaiita presha ya macho. Hiyo haiumi. Haiwashi. Jicho ukiliangalia ni zuri kabisa. Lakini inaiba kutoka pembeni. Ni kama jirani anayesogeza mpaka wa shamba kidogo kidogo. Wewe uko katikati unalima tu, siku utakaposhtuka umebaki na kipande cha kulaza kuku."

Watu wakacheka tena. Gathoni hakucheka.

"Utamjuaje mtu kama huyo? Anagonga milango. Anakanyaga kuku. Ukimpa kitu kutoka kando anaangusha. Mkikutana njiani anakupita, na nyinyi hapo mnasema ana maringo."

Gathoni alisimama. Hakujua amesimama.

"Daktari, rudia hapo."

"Wapi, mama?"

"Hapo pa kikombe."

Momanyi hakuwa amesema kikombe. Lakini alimwangalia uso, akarudia yote polepole.

"Na ikishaiba, dawa inarudisha?"

"Hapana, mama. Iliyoenda imeenda. Tunaokoa iliyobaki."

Baada ya hapo daktari alihamia upande wa kushoto akaanza kuongea juu ya masikio. Ya huko Gathoni hakuyasikia vizuri. Alidhani ni kwa sababu mawazo yalikuwa mbali.

Hakungoja miwani. Alitoka mbio mbio, mama wa miaka arobaini na sita na nusu, akishika njia ya kwa Chepchirchir ambayo hakuwa ameikanyaga miezi saba.

Alimkuta shambani, gunia mgongoni, akichuma.

Gathoni akasimama kando ya mstari, hatua tatu tu. Akatazama. Majani ya mbele ya Chepchirchir yalikuwa yamechumwa vizuri. Ya kando yalikuwa yameachwa, yamerefuka, yamekuwa magumu, ya kukataliwa na karani wa kununua chai.

Akainua mkono, akaupunga.

Chepchirchir aliendelea kuchuma.

Akaupunga tena, kwa nguvu. Hakuna kitu. Akaja upande ule mwingine, akafanya vile vile. Hakuna.

Hapo Gathoni akazunguka, akasimama mbele yake kabisa.

Chepchirchir aliruka. Halafu uso wake ukafunguka wote, ukawa ule uso wa siku tisa.

"Mama Kim? Ni wewe? Kwani umetokea wapi?"

"Nimekuwa hapa. Nimekupungia mkono mpaka umechoka."

"Mimi sijaona."

"Najua. Najua hujaona." Gathoni akaanza kulia. "Mimi nilidhani umenikataa, Mama Kiplimo. Nilidhani ni mambo ya kabila."

Chepchirchir aliacha kuchuma. Aliteremsha gunia chini.

"Ati mimi ndio nimekukataa?"

"Ulinipita sokoni. Ukanimwagia chai."

"Hiyo chai ilikuwa yako? Nilisikia kelele tu, hakuna mtu aliniambia." Sauti yake ikabadilika, ikawa na uchungu wa siku nyingi. "Na wewe? Nilikuja kwa kibanda chako mara tatu. Tatu, Mama Kim. Nilisimama mlangoni nikakusalimia, 'Chamgei.' Wewe ulipiga cherehani tu, hata hukuinua kichwa. Mara ya tatu kulikuwa na wateja, nikaona aibu. Nikasema, huyu ameamua sisi wote ni maadui zake."

"Sijawahi kukusikia."

"Niliita kwa nguvu."

Gathoni alijaribu kukumbuka alivyokuwa anakaa. Cherehani inatazama ukuta. Dirisha liko kulia.

Mlango uko kushoto.

Sikio lake la kushoto lilikuwa linatoa maji tangu utotoni. Linatoa, linakauka, linatoa tena, na asubuhi mto una doa lenye harufu. Mama yake alimwambia watoto wengine ni hivyo tu. Miaka hiyo ya karibuni lilikuwa limeanza kuvuma kama nyuki ndani ya mtungi, na yeye aliziba na pamba akaendelea kushona. Halikumuuma. Angelijali ya nini?

Siku ya pili walienda pamoja hospitali kuu, Kericho, na karatasi ambayo Momanyi aliwaandikia asubuhi hiyo. Walishikana mikono njia yote, kwa sababu mmoja hakuona mitaro na mwingine hakusikia magari.

Gathoni aliambiwa ngoma ya sikio la kushoto imetoboka zamani, na usaha umekula ndani. Lisiingie maji, lisizibwe na pamba, atumie dawa. Litakauka. Kusikia kwa upande huo asahau.

Chepchirchir alipimwa muda mrefu zaidi.

"Haya mambo yalianza lini?" aliuliza daktari wa hapo, mama mmoja mwenye haraka.

"Mwaka jana, karibu na mwisho. Nilikuwa nagonga vitu."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Jicho la kushoto tutalishikilia. Utaweka dawa ya matone asubuhi na jioni mpaka siku ya kufa, usiache hata ukijiona mzima. La kulia," akatikisa kichwa, "mngekuja mwaka jana lingekuwa na kitu."

Walitoka nje wakakaa kwenye nyasi.  Watu walipita na mikebe yao ya chai.

Mwishowe Gathoni akasema, "Mwaka jana mimi nilikuona. Mimi ndio niliona kila kitu. Unagonga, unaangusha, hunioni. Hakuna mtu aliona kunishinda. Na nilikaa kwa nyumba nikikasirika."

Chepchirchir hakumgeukia. Huenda hakutaka, huenda hakuweza.

"Mama Kim," alisema baadaye, "ule mlango wako ulikuwa wazi. Ilikuwa niingie tu ndani nikushike bega. Hatua mbili. Mimi pia nilirudi nyumbani."

Gathoni hakuhamia Nakuru. Alimwandikia Kim kwamba chumba akipe mtu mwingine.

Lakini msidhani mambo yalirudi yalivyokuwa. Jicho la kulia lilizimika kabisa mwaka uliofuata, taratibu, bila maumivu hata ya dakika moja. Na kuna siku wawili hao walikaa jikoni, mmoja akichambua mboga, mwingine akipiga pasi, na Gathoni akamtazama rafiki yake akipapasa meza kutafuta kisu kilicho kando yake, akajua kabisa ile hasira ya miezi saba iliwagharimu nini.

Alimsogezea kisu. 

Ndugu yangu unayesoma hii, macho na masikio huharibika bila kupiga kelele. Mtu wako akianza kugonga vitu, kuangusha, kukupita, kutojibu, kuongeza redio sauti, usikimbilie kusema amebadilika. Mpeleke apimwe. Wewe mwenyewe sikio likitoa usaha, hata kama haliumi, usiliite la kawaida.

Na kama umeshakasirika, kasirika ukiwa njiani kwenda kwake. Ukifika, simama mbele yake kabisa, ita jina lake, na ungoje akuone.