Chungu cha Pili cha Mwanvita

Mwinjuma, fundi wa mashine za boti, ana masikio makubwa mawili, na kwa miaka ishirini na tisa ya ndoa sijui kama amewahi kuyatega hata mara moja kumsikiliza mkewe. Nayasema haya nikiwa na udhu wangu wa alasiri, na nikikosea Mungu anisamehe. Lakini habari hii si yake. Yeye ana watu wa kumsifu huko Mbegani anakotengeneza mashine. Habari hii ni ya mkewe, Mwanvita, ambaye ua wake na wangu umetengwa na makuti tu, hata akipuliza moto moshi naupata mimi.

Mwanvita alizaliwa Miono, kwa wakulima wa mahindi na ufuta. Aliletwa Bagamoyo akiwa na miaka kumi na tisa, na sanduku la nguo, na mbuzi ya kukunia nazi aliyopewa na bibi yake. Mbuzi ile anayo mpaka leo. Mtaani petu sifa yake ilikuwa tambi. Anazikaanga kwanza, kisha tui, sukari na iliki, na kila uzi umesimama peke yake. Arusi haikufana bila sufuria ya Mwanvita. Na mpishi lazima aonje. Alionja miaka yote hiyo, tambi, wali wa nazi, maandazi, chai ya vijiko vinne, mpaka sukari ikamkaa mwilini naye hana habari.

Alichokuwa na habari nacho ni kiatu. Kiatu kipya cha Idi kilimchubua kidole kidogo cha mguu wa kushoto, kidonda kikagoma kupona. Mwinjuma akasema ni uvivu wa kufunga kitambaa. Wiki sita nzima alisema hivyo hivyo, na kila asubuhi alipiga hatua kukiruka kile kidonda pale kibarazani kwenda kazini. Siku tulipompeleka hospitali kidole kilikuwa cheusi. Kikakatwa. Muuguzi, binti mdogo tu, alimwambia bila kuzunguka, mimi nimekaa naye kwenye benchi:

"Mama, kidole kimekwenda. Ukiendelea kula kama ulivyokuwa unakula, na mguu utafuata."

Akapewa vidonge. Wali, ugali, chapati na tambi akaambiwa apunguze sana. Tambi! Njia nzima ya kurudi nyumbani hakulia kidole. Alilia tambi.

Aliyemfuta machozi ni Bi Gertruda. Huyu alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya mapadri, amestaafu, ana bustani nje ya mji kwenye barabara ya Msata. Ni Mkristo mcha Mungu, hana kelele. Alikuja kumjulia hali na kikapu, ndani mna maboga mawili ya manjano, laini ya ganda, umbo la yai kubwa.

"Hili ni boga la tambi," akasema. "Ukilipika, nyama yake inachambuka nyuzi nyuzi. Si dawa, usije ukaacha vidonge vyako. Lakini ukila sahani yake hujala wali."

"Boga litoe tambi?" Mwanvita akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali. "Bi Gertruda, mimi nimekatwa kidole, sikukatwa akili."

"Kachemshe maji, tuone aliyekatwa akili ni nani."

Siku ile walilichemsha zima zima. Unalitoboatoboa kwa ncha ya kisu, ama sivyo litapasuka, unalitia kwenye sufuria ya maji kama saa nzima hivi, mpaka kisu kiingie bila kubishana. Unaliacha lipoe, unalipasua, unatoa mbegu, kisha unakwangua kwa uma. Na kweli! Nyuzi zikamwagika kwenye sinia. Mwanvita alizishika kwa vidole kama anayeshika nywele za mtoto mchanga. Akaonja, akakunja uso.

"Zina maji."

"Zina maji kwa sababu umezichemsha," akasema Bi Gertruda. "Kuchemsha ni njia ya mwenye haraka."

Tangu hapo shoga yangu hakulala. Kila boga lililotoka bustanini alilijaribia njia nyingine. Aligundua kwamba nyuzi zile hazikupita urefu wa boga, zimezunguka upana wake. Ukilipasua kwa urefu unakata kila uzi vipande. Basi akawa analikata pete pete, nene kama vidole viwili, anazitoa mbegu, anazipanga juu ya vijiti vya makuti ndani ya chungu chenye maji kidogo chini, anafunika, zinaiva kwa mvuke. Nyuzi zikatoka ndefu. Kisha akapata njia bora kuliko zote, ile ya keki. Pete unazipaka mafuta kidogo, unazilaza kwenye sufuria kavu, makaa machache chini na makaa mengi juu ya mfuniko. Maji yanakauka, kingo zinaungua kidogo, na boga linanukia kama karanga. Chumvi unatia mwisho kabisa, maana ukiitanguliza boga linatoa maji yote.

Akala kwa dagaa wa kukaanga na kitunguu. Akala kwa rojo la nyanya na bilinganya. Zilizobaki usiku, asubuhi alizikamua kwa kitambaa, akazipigia mayai mawili, akakaanga duara kama chapati. Mbegu alizikausha juani akazikaanga kwa chumvi. Miezi mitatu baadaye kovu lilikuwa limefunga, kipimo cha sukari kimeshuka, na muuguzi yule yule akamwambia, "Mama, unachokifanya kifanye hivyo hivyo."

Ungedhani nyumba nzima ingeshukuru. Labda nyumba yako. Nyumba ya Mwinjuma ilikuwa na Mwajabu.

Mwajabu ni dada yake Mwinjuma. Alitoka Msata kuja kumuuguza wifi yake, ndivyo alivyosema, na tangu afike sikumwona akiinua hata kata ya maji. Alichoinua ni pua. Hakuna kilichomuudhi kama kile chungu kidogo cha Mwanvita kilichokaa pembeni ya sufuria kubwa ya wali. Huku kwetu watu wa nyumba moja wanakula sinia moja. Mwanamke akijipikia chungu chake peke yake, wanaanza kumhesabia: mchoyo huyo, au ana lake jambo, au mganga kamwelekeza. Mwajabu aliyasema yote matatu, tena kwa sauti ya kuvuka makuti.

"Wifi, chungu hicho kina nini hata watu wengine tusikile?"

"Hamjakatazwa, wifi. Karibu."

"Mimi nile majani ya mgonjwa?"

Siku moja Mwanvita alikwenda kliniki, Mwajabu akasema leo atalipika yeye boga hilo, watu waone. Nikachungulia. Akalimenya kama boga la futari, akalikata vipande, akalitumbukiza kwenye tui, sukari mikono miwili, akafunika, akaketi kusuka ukili. Boga letu la kawaida likiiva linavurugika na tui, ndio uzuri wake, na mpishi wa pwani analikoroga mpaka lisahau kama lilikuwa na umbo. Akalikoroga hilo nalo. Alipofunua, palikuwa na tui jembamba la rangi ya maji ya kufulia, na vipande vya uzi vinaelea kama kitu kilichotolewa mfereji wa bafuni. Wala hakujua kwamba amekosea yeye. Alimpelekea kaka yake bakuli.

"Haya, onja. Hiki ndicho mkeo anachotuficha."

Mwinjuma akaonja, akatema. Mtu mzima, fundi, ana mvi, ametema chakula kibarazani mbele ya kuku. Na mkewe aliporudi na kadi yake ya kliniki mkononi, kadi yenye habari njema, hakuulizwa hata amesemaje daktari.

"Mwanvita," akasema, "upuuzi wa vyungu viwili umekwisha leo. Nyumba hii kitapikwa chungu kimoja. Nitakachokula mimi ndicho utakachokula wewe. Sitaki watu waseme mke wangu anaila nyumba kwa mlango wa nyuma."

"Baba Muharami, muuguzi amesema..."

"Muuguzi amekuoa?"

Mwajabu akacheka mpaka ukili ukamponyoka.

Mwanvita alitii. Siku tisa alikula kutoka sinia moja nao, wali mchana, ugali usiku. Alijaribu kuchota kidogo, Mwajabu akamsukumia, "Kula wifi, usitutie aibu." Siku ya kumi aliniita uani akanionyesha mguu. Ganzi imepanda mpaka kifundoni, na pale kwenye kovu pametoa tundu dogo, linachuruzika maji.

"Usiku naugusa," akaniambia, "sijui kama ni wangu."

Nilisema twende kwa shekhe. Nilisema tumpigie simu mwanawe Muharami. Yeye alikuwa anatazama jiko. Ilikuwa Alhamisi, na Mwajabu kesha kwenda Msata arusini. Mwinjuma naye alikuwa amepaza sauti asubuhi kwamba kesho baada ya sala ya Ijumaa atakuja na wageni watatu, Mzee Rehani mwalimu wa madrasa na wenziwe wawili, apike chungu cha kutosha.

"Kimoja?" Mwanvita alikuwa amemuuliza.

"Nimeshasema. Kimoja."

Ijumaa ile alfajiri alikwenda kwa Bi Gertruda akarudi na maboga sita kichwani. Nilimsaidia kukata pete. Makaa juu, makaa chini, sufuria tatu kwa zamu. Kutoka pwani alipata kamba wabichi. Akawakaanga kwa kitunguu, kitunguu saumu, bizari na pilipili mbuzi, akamimina tui zito la nazi nne alizozikuna mwenyewe kwa ile mbuzi ya bibi yake, akaliacha likauke mpaka mafuta yakaelea. Ndipo akazitia nyuzi zote chungu kikubwa kile kimoja, akazigeuza mara mbili tu kwa upawa, taratibu, akakamua ndimu. Wali hakupika hata punje.

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa," akasema. "Lakini mguu nauogopea zaidi."

Wakaja, wakanawa, kawa likafunuliwa. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia.

"Hii nini?" Mwinjuma akauliza.

"Chungu kimoja," Mwanvita akajibu. "Kama ulivyosema."

Mzee Rehani akasema bismillahi, akachota. Akatafuna. Akachota tena, na wenziwe wakachota. Mgeni mwenye adabu hali kwa kuuliza. Lakini mwenye nyumba, ah! Mwenye nyumba alitazama sinia kama aliyewekewa viatu, akanyanyuka, akasema anakumbuka kitu dukani, akawaacha wageni wake wanakula peke yao. Nilimwona kupitia dirisha. Hakwenda dukani. Alisimama kwa muuza chapati wa kona, akala tatu kavu kwa pupa, akiipa mgongo nyumba yake.

Mzee Rehani akaita, "Binti yangu, chakula ni kitamu, Mungu akubariki mikono. Lakini mbona mwenyeji wetu amekikimbia?"

Mwanvita alijibu pale pale nyuma ya pazia, sauti haikutetemeka. "Mzee wangu, daktari amenikataza wali. Mume wangu amekataza vyungu viwili. Nimekatwa kidole, na leo mguu umefungua tena. Sikuona njia ya kuwatii wote wawili ila hii."

Mwinjuma akarudi anajifuta mdomo, mafuta ya chapati yanang'aa na makombo yamemganda kidevuni. Mzee Rehani alimtazama kile kidevu kwa muda mrefu.

"Mwinjuma, nyumba yako ina majiko mangapi?"

"Matatu, mwalimu."

"Mimi nina moja, na mke wangu hapiki chungu kimoja tangu nipate presha." Akanawa mikono. "Ukirudi kwenye chapati zako, mpitishe na mkeo hospitali. Ni njia hiyo hiyo."

Wenziwe wakainamisha vichwa, mmoja anakohoa kuficha kicheko. Jioni ile ile Mwinjuma alimpeleka mkewe hospitali, amenuna kama yeye ndiye anayechomwa sindano. Tundu lilisafishwa, dawa zikaongezwa, mguu ukaokoka. Aliporudi alisema maneno matatu: "Pika vyungu unavyotaka." Samahani hakusema. Nadhani hajui linavyoanza neno lenyewe. Na wiki mbili hazikwisha nikamsikia kibarazani anawaambia wavuvi kwamba boga la tambi ni jambo alilolifuatilia yeye kwa ajili ya afya ya mkewe. Nilipita na ndoo yangu, nikamwamkia, nikaenda zangu. Mtu kama huyo ukimjibu unapoteza udhu bure.

Mwanvita sasa chungu chake kidogo hakijifichi. Anakiweka jiko la mbele, penye kupita watu. Ana vidole tisa, anavipaka mafuta kila siku na kuvitazama kimoja kimoja. Mwajabu alirudi kutoka arusini, akaviona vyungu viwili wazi wazi, akamtazama kaka yake, kaka yake akatazama mashine aliyokuwa ameifungua kibarazani. Siku ya tatu alisogea jikoni, shingo mbele.

"Wifi, nionje tu kidogo."

Mwanvita akampa sahani na uma. Upawa akauondoa, akaukalia.

"Karibu, wifi. Lakini usikoroge."