Siku Nilipombeba Bibi Harusi wa Watu

Kabla sijaanza naomba mcheke kabisa mmalize, maana kila nikihadithia kisa hiki mnanikatiza katikati kwa vicheko, mimi napotea njia, halafu naonekana kama najitetea. Sijitetei. Nilifedheheka mchana kweupe, katikati ya Brussels, viatu vinang'aa, mbele ya mtu ambaye kati ya walimwengu wote ndiye pekee niliyetaka anione nimetulia.

Mtu huyo ni mama mkwe. Siku hiyo alikuwa bado hajawa mkwe, alikuwa Maman Furaha tu, mjane wa Bukavu aliyelea wanawe peke yake tangu ukimbizini, makazi yake Liège, na Furaha mchumba wangu alishanieleza bila kuzunguka mbuyu: wajomba watasema yao, lakini mama akikukataa hakuna posa. Sasa kwao mwanaume haendi kugonga mlango wa mama wa binti kabla wazee wake hawajamtangulia (na wazee wangu wako Iringa, wangetanguliaje?), kwa hiyo Furaha akapanga tukutane kana kwamba ni bahati tu. Mama atashuka treni Gare du Nord, watapanda taratibu hadi ile bustani ya zamani ya mimea iliyo jirani, mama anapenda maua, mimi nitakuwa napitapita humo, tutasalimiana, atanipima kwa macho, basi, kila mtu aende zake.

Furaha aliniambia nivae shati jeupe. Mimi nikajitia ujuaji. Nikaenda Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongo, nikanunua kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, nikashonesha shati, nikiamini kwamba mama wa Kikongo akiona mkwe Mtanzania ndani ya kitenge moyo utalainika kama maharage ya jana. Mwenye duka alinifungia huku akisema, "Papa, umechagua muzuri, hii batu benyi balikamata." Alikuwa ananiambia watu wengi wamekinunua, mimi nikadhani anasifia jicho langu. Nilitoka dukani natembea kwa maringo.

Kama hamjafika pale, juu kuna jumba kubwa la vioo lililojengwa zamani sana kwa ajili ya mimea ya nchi za joto (siku hizi humo wanapiga muziki), na chini yake bustani inashuka kwa ngazi, yenye sanamu, bwawa dogo na vitanda vya maua marefu ya zambarau, na kwa nyuma maghorofa ya maofisi yamesimama yanakutazama. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, udongo umelowa, jua limechomoza. Nikakata kona ya jumba na hapo nikajiona. Sisemi niliona mtu anayefanana nami, nasema nilijiona mwenyewe, kundi zima, wanaume mashati, wanawake magauni, wote bluu, wote ndege wa njano.

Ilikuwa harusi. Ndugu wa bwana harusi walikuja kupiga picha, na kama ilivyo kwao na kwetu, ukoo mzima umeshona sare moja. Mimi nilikuwa nimenunua masalio.

Mtu mwenye akili angegeuka. Nami niligeuka, wallahi, lakini mama mmoja mnene mwenye kilemba kirefu alishanishika mkono.

"Tonton, bon, ulikuwa wapi? Tunakungojea tangu asubuyi. Weye njo mutoto ya shangazi ya bwana, ule wa Allemagne?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Neno dogo, hata mtoto mchanga hulisema kabla hajajua kutembea. Lakini mtu mzima kanishika mkono, anatabasamu, watu wanatazama, na nilivyolelewa mimi mtu mzima humwambii mbele za watu kwamba amekosea. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akanitazama usoni akasikitika, "Ulaya imekubadilisha kabisa," akanivuta. Nikafahamu mambo taratibu: huyo binamu wa Ujerumani hawajamwona tangu utotoni, walimtumia kitambaa kwa posta ili wamtambue kwa shati, na bwana harusi mwenyewe alikuwa ameshuka stesheni kumpokea. Nikajiambia nitapiga picha moja kisha nitoweke. Picha ya kwanza wakanisimamisha kando ya bibi yao mzee, ambaye alinipapasa shavu akaanza kulia. Ya pili nikashika mwavuli. Kisha mpiga picha akataka bibi harusi asimame kule kwenye maua karibu na bwawa, na njia ilikuwa tope tupu, na gauni lilikuwa jeupe pe.

"Bwana hayuko, alors shemeji amubebe," akaamua yule mama wa kilemba. "Si ni familia?"

Ndugu zangu, nikambeba. Bibi harusi akaninong'oneza, "Usiniangushe, tonton," nikamwambia asiwe na wasiwasi, vigelegele vikapaa, nikaanza kukanyaga tope hatua kwa hatua, nikainua macho, na pale juu ya ngazi amesimama Furaha, na kando yake mama aliyebana mkoba kifuani, ananitazama mimi, ambaye picha yangu anayo kwenye simu, nikiwa nimembeba mke.

Mtu angetegemea nipige kelele kwamba sivyo mnavyodhani. Mimi akili yangu yote ilishika jambo moja tu: mkwe hasalimiwi umesimama wima. Nikasema, "Shikamoo, mama," nikainama. Niliinama vizuri, kwa adabu zote, mpaka chini. Bibi harusi akateleza kutoka mikononi mwangu, akakaa kitako katikati ya maua ya zambarau.

Vigelegele vilikatika. Na kwa kuwa siku ikiharibika huharibika na vyombo vyake, wakati huohuo bwana harusi akatokea na binamu wa kweli, kavaa shati letu.

"Na huyu ni nani?" akauliza.

Nikawaeleza ukweli wote, mbele ya ukoo mzima, mikono ikiwa na matope: kwamba mimi si wa Ujerumani, nafanya kazi ya kutunza wazee Ganshoren, na nimekuja hapa kuonwa na mama wa mchumba wangu, yule pale. Bibi aliyenipapasa akaacha kulia. Kuna waliocheka. Bwana harusi hakucheka, na sikumlaumu. Furaha alikuwa anatazama viatu vyake.

Aliyesogea ni Maman Furaha. Alishuka ngazi bila haraka, akaingia topeni na viatu vyake vya safari, akamwinua yule binti, akampangusa. Kisha akafungua kitenge chake cha juu, akamzungushia kiunoni, akakikunja na kukifunga pembeni kwa namna ambayo tope lote lilifichika na ungedhani gauni liliagizwa hivyo. Bibi harusi akajitazama, akamkumbatia. Bwana harusi akashusha pumzi. Ndipo mama akanigeukia.

"Kuya hapa. Juu ya nini haukusema hapana?"

"Mama, yule ni mtu mzima. Nilishindwa."

"Donc muntu mukubwa akikuambia uingie mu maji, utaingia?"

Nikafikiri kidogo (ndiyo, nilifikiri). "Inategemea, mama."

"Sema hapana. Nisikie."

"Ndiyo, mama."

Furaha akajiziba mdomo. Mama hakucheka. Alikwenda kukaa kwenye benchi linalotazama bwawa, nami nikabaki nimesimama, nikijua posa imekwisha.

"Papa yake na Furaha alikuwa vile," akasema. "Kila muntu alikuwa anamutuma. Jirani, padri, hata batu hajui. Mu nyumba sukari inaisha juu anagawa. Nilimugombeza miaka yote." Akauweka mkoba magotini. "Tangu alikufa, sina muntu ya kugombeza."

Furaha alikaa kando yake akamshika mkono. Mimi sikujua niangalie wapi.

Mama akajifuta macho kwa kiganja, akaninyooshea mkoba wake. "Kamata sakoshi yangu," akasema, "na ungoye, sijamaliza na weye."

Tumeoana sasa. Nimeapa kwamba mtu nisiyemjua akiniuliza kama mimi ni ndugu yake nitamkatalia kabla hajamaliza swali, na nimefanya mazoezi bafuni mpaka Furaha akanihurumia. Lakini mama mkwe akipiga simu kutoka Liège kila Jumamosi, akanigombeza kwa jambo ambalo mara nyingi hata sikulifanya, sisemi hapana. Navuta kiti, nakaa, namsikiliza mpaka amalize.