Fundi Kaiponya Gemu, Kaniua Mimi

Leo nimemtukana fundi kwa simu mpaka mbwa wangu akahama kibarazani. Mchungaji asisome hapa.

Mashine yangu ya gemu, kuukuu kama mimi, ilikuwa haisomi CD mpaka niigeuze kichwa chini. Asubuhi nikaipeleka mjini, maana mchana nilikuwa na mechi ya kulipiza kisasi na jirani yangu, Mzee Kimaro. Wiki nzima anatangaza kilabuni alivyonifunga. Hata pombe yetu ya ndizi, mbege, hainipiti kooni.

Fundi akasafisha lenzi.

"Tayari babu, sasa iko kama ilivyotoka kiwandani."

Nikamshukuru. Mjinga mimi!

Nyumbani naweka CD ya mpira, inakataa. Naweka nyingine, inakataa. Kimaro ameshakaa kwenye kochi langu. Nampigia fundi.

"Babu, kuna kidude mtu alikipachika ndani. Nimekitoa, kilikuwa uchafu."

Uchafu ni wewe na ukoo wako! Kidude hicho ndicho kilichokuwa kinaifanya isome CD feki. Na nani hapa Moshi ana CD orijino, jamani?

Kimaro anayo. Moja tu. Binti yake aliisahau kwake. Gemu ya kusuka nywele.

"Meku, mzee mwenzangu, tusuke basi," ananiambia, meno yote nje.

Kanishinda. Mteja wangu wa kwenye gemu katoka na kipara. Sasa hivi Kimaro yuko kilabuni anawasimulia wazee.

Fundi, kesho asubuhi kidude kirudi mahali pake.

Na nyie mnaocheka, mwenye CD orijino ya mpira aseme haraka, kabla huyu mzee hajaleta ya kupaka kucha.