Mgeni Aliyesimamishwa Siku ya Pentekoste

Nakumbuka Jumapili ile, mwanangu, na damu inanichemka upya. Ndiyo siku nilipompokonya Mwalimu Josfati wa Shule ya Jumapili kipaza sauti mbele ya kanisa zima, hapa Rissne, Uswidi. Sijutii.

Ulimleta Rebecka wa darasa lenu aje akuone ukiigiza Petro kwenye mchezo wa Pentekoste. Kwetu mgeni husimama, hupigiwa makofi, huambiwa karibu. Mtoto wa watu akasimama, akasema "Naitwa Rebecka" kwa Kiswahili ulichomfundisha wewe. Josfati akauliza anasali kanisa gani.

"Hana kanisa, ni Myahudi," ukajibu.

Basi badala ya kumkaribisha, akakugeukia wewe uliyevaa shuka la Petro. "Haya, Petro wetu, mhubirie huyu! Mwambie walichofanya!" Nawe ukamnyooshea rafiki yako kidole: "Mlimsulubisha Yesu!" Watu wakashangilia. Rebecka akanitazama, akaniuliza kwa Kiswidi, "Nimekosa nini?"

Hapo ndipo nilipopanda jukwaani.

"Mama Neema, tulia. Ni Maandiko tu."

"Maandiko gani? Petro mwenyewe alikuwa Myahudi! Umemsimamisha mtoto umpokee au umtukane?"

"Mama, hapa tunahubiri."

"Hubiri dhambi zako basi, tuna muda!"

Nilijua ninachosema, kwani kosa lako nililitenda kabla yako. Nikiwa kidato cha pili, juzi tu nimeokoka, nilihubiri vivyo hivyo jikoni kwa nyanya yangu, nikiwalaani Wayahudi ambao sijawahi kumwona hata mmoja. Nyanya alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Petro aliwaita Wayahudi hao ndugu zake," akasema. "Na yeye alikuwa ametoka kumkana bwana wake mara tatu, machozi hayajakauka. Wewe umelia wapi? Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kalete maji."

Nikaenda kuleta maji. Aibu ile ningali nayo.

Sasa sikia, mwanangu. Maneno makali ya ndugu kwa ndugu usiyabebe ukampige nayo mtoto wa jirani. Ukihubiri toba, anza na yako. Tangu siku ile hujaketi na Rebecka darasani, unajifanya una shughuli. Nenda kwao, kwa miguu yako, usimtumie ujumbe wa simu. Mwenyezi Mungu akupe ulimi mpole, na magoti yasiyoona uzito kupigwa.

Mimi zamu yangu nimeitimiza. Hii ndiyo barua niliyomkabidhi mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, mkononi:

"Nalalamika rasmi. Jumapili ya Pentekoste, Mwalimu Josfati alimsimamisha mtoto mgeni wa miaka kumi na kumbebesha kifo cha Yesu. Nataka aondolewe kwenye darasa la watoto. Nataka baraza liende kwa wazazi wa mtoto huyo likaombe msamaha. Petro wa siku hiyo alikuwa binti yangu, na shuka nililishona mimi. Hilo nalo liandikwe. Mama Neema."